Siku mbili za kujifunza kuchora ukungu kwa rangi za maji Lushoto: laki na nusu yangu imeenda wapi

Nimerudi juzi kutoka Lushoto, kucha bado zina bluu, na nataka niandike kabla sijasahau maana mimi kabla ya kwenda nilitafuta sana mtu aliyeandika kwa Kiswahili kuhusu rangi za maji nikakosa, unakuta kila kitu ni Kiingereza na mifano yote ni milima ya Uingereza huko, wakati sisi ukungu tunao Usambara, Uluguru, Rungwe, umejaa tu na hakuna wa kutuambia unachorwaje.

Basi darasa lenyewe ni la siku mbili, Jumamosi na Jumapili, linafanyika kwenye baraza ya nyumba moja njia ya kwenda Irente, na hawachukui watu zaidi ya wanane. Sisi tulikuwa saba. Somo ni moja tu, mandhari yenye ukungu, hakuna maua, hakuna sura za watu, hakuna twiga. Ada ni 150,000, humo ndani kuna karatasi, kutumia rangi na brashi zao, chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Malazi unajitegemea, mi nililala gesti ya mjini kwa 25,000 na maji ya moto yalikuwepo.

Nieleze kwanza nimetokea wapi ili mjue ninavyopima. Mimi nimewahi kukaa miezi kadhaa kwa mafundi wa Tingatinga pale Dar, najua kidogo kushika brashi. Ila Tingatinga ni kitu kingine kabisa, mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza 1968 alitumia rangi za mafuta zile zinazong'aa za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hardboard, zile mbao za kubanwa, na rangi ile inafunika. Umekosea chui, unasubiri ikauke unapaka juu, maisha yanaendelea. Rangi za maji hazifuniki. Ukiweka kitu cheusi pale umeshakiweka, hata upake nini juu yake kitaendelea kuchungulia, na nyeupe hakuna, nyeupe ni karatasi yenyewe ambayo hujaigusa. Mi nilikuwa nalijua hilo kichwani lakini mkono ulikuwa haujui, na nadhani asilimia kubwa ya nilichokilipia ni hicho, mkono kufundishwa kuacha.

Mwalimu ni mama wa makamo mwenye asili ya Tanga mjini, anaongea taratibu, na asubuhi ya kwanza nilikasirika naye kidogo maana tumefika saa tatu, baridi kali, kila mtu ana hamu, yeye anatugawia vipande vya karatasi na kutuambia tulowanishe kwa maji matupu halafu tuangalie. Tuangalie nini? Maji yanavyokauka. Nusu saa nzima tunaangalia karatasi inakauka, na kijana mmoja kutoka Tanga alianza kuchukua simu yake mwalimu akamwambia mwanangu weka simu, ukikosa hii umekosa yote.

Na alikuwa sahihi kabisa. Karatasi iliyolowa inapita hatua, na yeye kazipa majina yake mwenyewe ambayo sasa mi siwezi kuyatoa kichwani. Ya kwanza anaiita ziwa, maji yamesimama juu, ukiinamisha ubao yanatembea. Ya pili kioo, maji hayatembei tena lakini uso wote unang'aa unaona hadi dirisha ndani yake. Ya tatu hariri, mng'ao umepungua, umebaki ule wa kitambaa, na hii haikai sana. Ya nne baridi, yaani kwa macho imeshakauka kabisa ila ukigusa kwa mgongo wa kiganja unasikia ubaridi, maana yake ndani bado kuna maji. Ya tano ndo kavu.

Sasa ukungu wote uko hapo. Ukiweka rangi kwenye ziwa inapotea tu, inaogelea hovyo na kukauka bila sura. Kwenye kioo inatambaa laini, hiyo ndo mbingu na ile weupe mzito wa asubuhi ambao hauna mwanzo wala mwisho. Kwenye hariri inatambaa kidogo halafu inasimama, hapo ndo unaweka mti ulio ndani ya ukungu, unaona ni mti lakini huoni jani. Kwenye baridi usiguse. Alilirudia hilo labda mara ishirini, kwenye baridi usiguse, maana ukiweka brashi yenye maji hapo yale maji mapya yanaisukuma rangi iliyoanza kushika na kuitupa pembeni, inaacha doa lenye kingo za mikunjo mikunjo kama koliflawa. Na kweli ndo jina lake, hata wachoraji wa nje wanaliita hivyohivyo, na Lushoto kwenyewe koliflawa zinalimwa kila kona kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa inafananaje. Mi siku ya kwanza nilivuna koliflawa nne.

Kwenye kikavu rangi inakaa na ncha kali, hiyo ni kwa vitu vya karibu tu, nyasi za miguuni, jiwe, nguzo ya uzio.

Kuna jambo lingine linalokwenda pamoja na hilo na ndo nililokuwa nakosea miaka yote nikijifunza mwenyewe kwenye video, kiasi cha maji kilichoko kwenye brashi. Video zinakwambia weka rangi juu ya karatasi mbichi, basi, hazikwambii rangi yenyewe iwe nzito kiasi gani. Mwalimu anapima kwa tui. Rangi ya mbingu ni tui la tatu, lile la mwisho unalokamua ukijua nazi imeisha, ni maji yenye weupe tu. Milima ya mbali ni tui la pili. Miti ya katikati ni tui la kwanza. Vitu vya mbele ni kasimile, lile zito lisilotiwa maji kabisa. Na sheria ni kwamba kila ukiongeza kitu juu ya karatasi ambayo bado mbichi, unachoongeza lazima kiwe kizito kuliko kilichopo, ukileta chepesi juu ya kizito koliflawa inakuja tu haiepukiki. Nilivyosikia hivyo nikakumbuka kazi zangu zote zilizoharibika chumbani kwangu Tabata nikaelewa moja baada ya nyingine kwa nini.

Rangi zilizotumika siku nzima ya kwanza ni mbili tu. Ultramarini, ile bluu, na sienna iliyochomwa, ile kahawia ya wekundu kama udongo wa tofali. Mwanzoni niliona ubahili lakini ukizichanganya zinatoa kijivu, na kijivu chenyewe unakiamua, ukizidisha bluu kinakuwa cha baridi cha alfajiri, ukizidisha sienna kinakuwa cha joto kama jua linataka kutoka. Halafu ultramarini ina tabia yake, chembe zake zinazama kwenye vishimo vya karatasi, kwa hiyo ikikauka inaacha punje punje ndogo ambazo kwa ukungu ni zawadi, inaonekana kama hewa ina maji ndani. Kijivu cha dukani kilichochanganywa tayari mara nyingi kina rangi nyeusi ndani na kinakauka kimefubaa, mi sasa nimekiacha.

Na nilijifunza kitu kwenye mapumziko ambacho kilinigusa kwa namna yake, kwamba kinachoshikilia rangi hizi kwenye karatasi ni gundi ya mgunga. Utomvu kabisa wa mti, na nchi inayotoa mwingi kuliko zote duniani ni Sudan. Kumbe ile boksi inayotoka London imeanzia kwenye miiba ya huku kwetu Afrika.

Mchana wake tukafanya milima. Hii ndo mbinu nitakayoielezea kwa urefu maana ukiipata hii peke yake hela yako imerudi. Unaanza na mlima wa mbali kabisa, tui la tatu, bluu zaidi kuliko kahawia, kwa sababu kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo hewa na unyevu ulioko katikati unavyokipausha na kukitia ubluu. Unachora mstari wa juu wa mlima tu, ule mgongo, kwenye karatasi kavu. Halafu haraka, kabla haujakauka, unachukua brashi nyingine safi yenye maji matupu unaigusisha chini ya ule mgongo na kushusha, rangi inateremka na kupotea kidogokidogo mpaka inakuwa karatasi nyeupe. Kwa hiyo mlima wako una kichwa lakini hauna miguu. Unausubiri ukauke kavu kabisa, siyo baridi, kavu. Kisha mlima wa pili mbele yake, mzito kidogo, mgongo wake unaanzia pale kwenye weupe, na wenyewe unaufutia miguu. Wa tatu hivyo hivyo. Ukifika wa nne unarudi nyuma hatua mbili unaangalia na pale katikati ya milima kuna ukungu umelala bondeni ambao hujauchora hata kidogo. Mi nilinyamaza kabisa. Yaani ukungu hauchorwi, unaachwa.

Ukiangalia ndivyo ilivyo kweli, hewa baridi ya usiku inateremka inajaa mabondeni na ukungu unakaa humo humo, vilele viko nje. Wengi tunachora kinyume, tunapaka weupe juu ya mlima kama wingu la pamba.

Jioni mwalimu akatuonyesha kwenye karatasi iliyoprintiwa kazi ya Mjapani Hasegawa Tohaku, miti ya misonobari, ile iko jumba la makumbusho la taifa Tokyo, ilichorwa mwishoni mwa karne ya 16 kwa wino mweusi tu. Hakuna hata rangi moja. Miti michache, mingine imekoza mingine imepauka mpaka karibu haipo, na sehemu kubwa ya picha ni karatasi tupu, na ukikaa nayo unasikia baridi. Mzee mmoja tuliyekuwa naye, mstaafu wa shule ya msingi ambaye tulikuwa tunampa shikamoo sote kila asubuhi, alikaa na ile karatasi mpaka chai yake ikapoa.

Huyo mzee tatizo lake lilikuwa kama langu, hawezi kuacha kugusa. Mwalimu alikuwa anamwendea kwa heshima, mzee wangu hiyo brashi ipumzishe kwanza, na yeye anasema sawa mama, dakika mbili baadaye anaiongezea mti mmoja tu. Siku ya pili alichora kimoja akakaa amekunja mikono mpaka mwisho na kile ndo kilikuwa kizuri kuliko vyetu vyote, nasema kwa moyo wote.

Siku ya pili tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda Irente, kwa mguu, na hapa naomba mnisikie, bebeni sweta na soksi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hii ilikuwa Julai. Pale kwenye mwamba wa Irente ardhi inakatika ghafla chini unaona Mazinde na nyika inayoenda mpaka macho yanachoka, ila tulivyofika hatukuona chochote, weupe mtupu, tukaanza kulowanisha karatasi hapohapo. Na hapo likatokea ambalo barazani halikuwepo. Karatasi haikauki! Hewa yenyewe imejaa maji, kioo kinakaa kioo dakika kumi, dakika kumi na tano, ukisubiri hariri huipati. Barazani kuna mashine ya kukaushia nywele, mwambani hakuna. Mwalimu akatuambia basi punguzeni maji, lowanisheni nusu tu ya karatasi, na mkisubiri angalieni ukungu unafanya nini badala ya kuangalia karatasi. Nikaangalia. Unapanda kutoka chini, siyo mara moja, unakuja kama mtu anapumua, mikalitusi inatokea mitatu halafu inabaki mmoja halafu inatokea yote, na kila ukitokea mti hauanzii chini, unaanzia katikati ya shina.

Nikachora huo mti, shina lake juu limekoza chini limepotea, kwenye hariri iliyochelewa. Halafu mwalimu akanionyesha kuinua, unachukua brashi safi uliyoikamua vizuri unapitisha kwenye rangi iliyo mbichi bado inanyonya na kuacha njia nyeupe, au unakandamiza tishu mara moja, bila kusugua, ukisugua karatasi inachubuka. Kwa kuinua nilipata mwanga uliopita katikati ya matawi. Kufika saa mbili asubuhi jua likawa limekula ukungu wote na bonde likawa wazi, tukafungasha.

Sasa yasiyonipendeza, na yapo.

Kubwa ni karatasi. Siku ya kwanza asubuhi na mchana wametupa karatasi nyepesi ya kawaida, ile iliyotengenezwa kwa massa ya mti, nadhani kwa kubana gharama. Karatasi ile inapinda ikilowa, maji yanakimbilia kwenye mabonde yake, na inakauka haraka na bila usawa, kwa hiyo hariri unaipata upande mmoja wakati upande mwingine ni ziwa. Sa mtu anajifunza hatua za maji kwenye karatasi ambayo haina hatua! Siku ya pili tukapewa karatasi ya pamba asilimia mia, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na tofauti ilikuwa kama kutoka barabara ya vumbi kuingia lami. Pamba inanyonya na kushika maji kwa usawa, inakupa muda wa kufikiri. Mpangilio ungegeuzwa, mtu aanze na nzuri hata kama ni kipande kidogo cha kiganja. Nilimwambia mwalimu akanisikiliza vizuri, akasema pamba ni ghali na haipatikani kirahisi, ambalo nalielewa, lakini basi ada iongezwe elfu ishirini, mi ningelipa.

Pili brashi. Brashi kubwa za mviringo zenye tumbo la kubeba maji zilikuwa mbili kwa watu saba. Kwa mbinu inayotaka haraka kama ile ya kufuta miguu ya mlima, kusubiri mwenzio amalize ni kuharibu kazi. Mkienda bebeni ya kwenu, namba 10 au 12, haina haja iwe ya manyoya ya mnyama, nailoni nzuri inatosha.

Na chakula cha mchana Jumamosi kilikuja saa tisa kasoro. Kilikuwa kizuri, wali maharage na kabichi fresh ya shambani na mapeasi baada ya hapo, lakini saa tisa na baridi ile ni mbali.

Kwa wanaouliza vifaa vya nyumbani, mi nilikuwa na kale kaboksi ka Cotman, hilo ni daraja la wanafunzi la Winsor & Newton wa London, kampuni ya tangu 1832, na kwa kuanzia linatosha kabisa, hata mwalimu analo. Weka hela yako kwenye karatasi kwanza, ndo ushauri nilioondoka nao. Arches ya Ufaransa ni pamba tupu na ndo aliyotumia kutufundishia siku ya pili, shiti kubwa moja ya sentimita 56 kwa 76 unaikata vipande vinane vya kufanyia mazoezi, ukipiga hesabu kipande siyo ghali kama unavyodhani ukiangalia bei ya shiti nzima. Kariakoo nilizunguka nusu siku nikaambulia zile nyepesi tu, nikaishia kuagiza kwa mtu.

Nimeshajaribu nyumbani Dar mara tatu. Huku shida ni kinyume cha Irente, ukiwa na feni juu hariri inapita kabla hujachovya brashi. Zima feni. Vumilia jasho, lowanisha karatasi pande zote mbili ilale kwenye ubao wa plastiki, na chora alfajiri kabla joto halijaanza, hapo unapata dakika zako nne tano za amani.

Kile cha mwambani nimempelekea mama, yeye kazaliwa Bumbuli, hukohuko Usambara. Kakiweka kwenye mwanga wa mlango, kaangalia kitambo halafu ananiuliza, na ule mti wa nyuma huku mbona hujaumalizia. Nikamuuliza upi mama, maana huo sikuwa nimeuchora, pale palikuwa karatasi tupu. Akaniwekea kidole juu ya weupe, akasema si huu hapa.

Nampa mwalimu nne kati ya tano na hiyo moja ni ya karatasi. Nitarudi, na safari hii nabeba ya kwangu. Ukitaka kwenda chagua Juni au Julai ukungu ndo umeshiba, toka Dar basi linapita Segera na Korogwe unashuka Mombo halafu unapanda na gari ndogo za Lushoto, zile kona kaa upande wa dirisha, na uweke nafasi mapema maana ni watu wanane tu na walimu wa sekondari wakifunga shule wanazijaza haraka.